Nyoka Aliyeitwa Otilia

Jumanne, tarehe 24 Juni 2014, saa tatu na dakika kumi asubuhi, joto mjini Hermosillo lilikuwa limekwisha kufika nyuzi thelathini na tisa. Ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Yohane, siku ambayo watu wa jimbo la Sonora huitazamia mvua ya kwanza, na mawingu yalisimama upande wa milima kama mgeni anayesita kubisha hodi. Kwenye meza ndefu ya kahawa ndani ya soko kuu, Leobardo Encinas alikuwa ameketi wima katika shati jeupe lililopigwa wanga, ndoo iliyokuwa chini ya kiti cha jirani yake ilipoanza kulia njuga.

Wateja kumi na wawili waliinuka kwa mkupuo mmoja. Muuza kahawa alipanda juu ya kreti la soda na kumtaja Bikira Maria. Waliobaki vitini walikuwa wawili tu: Leobardo, na mwanamke mwenye gauni la buluu la vifungo vyeupe na buti za mfugaji zilizojaa vumbi.

"Dada, ndoo yako inalalamika."

"Joto hilo. Hata wewe ungelalamika."

"Mfuniko wake una vibanio vingapi?"

"Vinne."

"Mimi naona vitatu vimefungwa."

Mwanamke aliinama, akauma mdomo, akakibana cha nne kwa kisigino. "Watu wazima wamekimbia, wewe unahesabu vibanio! Ni mtu wa namna gani wewe?"

"Mtu wa taratibu."

"Masikini mkeo!"

"Sina mke."

"Wala sishangai," alisema, akacheka hadi kahawa ikamwagika.

Aliitwa Daktari Otilia Quijada, na ndoo ile yenye nyoka njuga alikuwa akiipeleka kwenye maabara ya barabara ya kusini, ambako Leobardo alikuwa amewatunza farasi arobaini kwa miaka tisa. Farasi hao walidungwa sumu ya nyoka njuga kidogo kidogo kwa miezi, hadi damu yao ijifunze kuishinda. Kutokana na damu hiyo dawa ilitengenezwa. Kwa nyoka wa tambarare dawa ilifanya kazi barabara. Kwa waliogongwa milimani mashariki, mgonjwa aliweza kupewa chupa thelathini na bado kope zikalegea, kifua kikasimama.

"Sumu ya kule ni nyingine," Otilia alimweleza. "Farasi wako wamesoma nusu ya kitabu, halafu tunawapa mtihani wa kitabu kizima."

Leobardo alimpenda kwa sentensi hiyo. Baada ya mwaka alimvika pete.

Kisha akatokea Fermín Yocupicio.

Fermín alikuwa mchunga ng'ombe wa kijiji cha Los Mautos, milimani, na ndiye aliyekubali kuwakamata nyoka wa huko, kuwakamua sumu na kuwaachia. Hakudai hata peso moja, na hilo lilimkera Leobardo kuliko yote: mwanamume asiyedai malipo ya fedha, alijiambia, anadai malipo mengine. Simu zake kwa Otilia zilianza kuingia Jumapili, wakati nyama ingali juu ya makaa.

"Nani tena?"

"Fermín. Kapata jike la futi nne, mpenzi, huwezi kuamini!"

"Na ni lazima akueleze tukiwa mezani?"

"Nyoka hawaendi misa, Leobardo."

"Yeye je? Haendi?"

"Hee! Mume wangu mtarajiwa anamwonea wivu mchunga ng'ombe!"

Alikana. Lakini aliona kwamba kila Otilia alipokwenda Los Mautos alivaa gauni lile la buluu la vifungo vyeupe, na alipomuuliza, alijibiwa kwamba ndilo pekee lenye mifuko minne. Leobardo alilitazama gauni hilo likianikwa kambani, akaihesabu mifuko. Ilikuwa minne kweli. Hakupata faraja.

Mwezi wa Agosti, Otilia akiwa safarini mji mkuu kwa majuma matatu, Fermín alifika maabara na sanduku la barafu. Alikuwa mrefu, mwenye kofia ya ukili na jino moja la fedha.

"Kumi na nane, mkubwa. Wapokee kwa upole. Wana majina hawa."

Alikuwa na haraka ya basi, akaondoka. Leobardo akafungua sanduku. Kila kichupa cha sumu kilikuwa na kadi, na penye nafasi ya kuandika mahali nyoka alipopatikana, mkono mzito wa mchungaji ulikuwa umeandika jina la mwanamke. Rosenda. Mama. Mwalimu Refugio. Kadi ya nne aliisoma mara mbili: Otilia.

Maabara ilikuwa na kanuni, na kanuni hiyo aliiandika Leobardo mwenyewe: kichupa ambacho kadi yake haijakamilika kisiingie katika mchanganyiko wa farasi, kiwekwe kando siku thelathini, aliyekileta aitwe asahihishe, asipokuja, kichomwe. Simu ilikuwa mezani, na namba ya Fermín ilikuwa ukutani. Leobardo alitii mwanzo na mwisho wa kanuni yake, akaruka katikati. Kabla ya adhuhuri vichupa vyote kumi na nane vilikuwa tanuruni.

Jioni Otilia alipiga simu.

"Kipenzi, vichupa vya Fermín vimefika?"

"Vimefika."

"Umenituliza roho. Sasa wape farasi wetu nusu ya pili ya kitabu."

"Lala salama," alisema. Hakuwa amesema neno lisilo la kweli, na hakuwahi kudanganya kiasi kile maishani mwake.

Farasi walidungwa miezi mitano. Mwezi wa Januari dawa mpya ilijaribiwa kwa panya weupe: waliodungwa sumu ya tambarare iliwaokoa wote, waliodungwa sumu ya Los Mautos haikumwokoa hata mmoja. Otilia alirudia jaribio mara tatu. Mara ya tatu alikwenda banda la farasi akiwa bado amevaa koti la maabara.

"Leobardo, niambie. Vichupa vya Fermín viliingia kwenye mchanganyiko?"

"Kadi hazikukamilika."

"Sikukuuliza kadi. Viko wapi?"

"Nilivichoma."

"Baada ya siku thelathini?"

Farasi mmoja alipiga kwato. Leobardo aliangalia ndoo ya maji.

"Siku ile ile," alisema. "Kimoja kiliandikwa jina lako."

Otilia hakupaza sauti. "Nyoka alipewa jina langu, na wewe ukachoma dawa ya watu. Watoto wa kule watagongwa mvua hizi zijazo, nami nitawaambia nini mama zao? Kwamba mchumba wangu ni mtu wa taratibu?" Alivua pete, akamwekea juu ya ubao wa zizi. Halafu, kana kwamba amekumbuka jambo, akaichukua tena, akaitia mfukoni, akaondoka.

Leobardo aliandika barua kwa mkuu wa maabara, akaeleza kosa lake lote bila kulipaka rangi, akapewa adhabu ya miezi mitatu bila kazi. Mwezi wa Machi, nyoka walipoanza kutoka mashimoni, alipanda basi kwenda Los Mautos.

Fermín alimkuta mlangoni pake, ameshika kofia mkononi.

"Vichupa vyako nilivichoma mimi. Nimekuja kuvilipa, kichupa kwa kichupa."

Fermín alimtazama kuanzia kola hadi viatu. "Umekuja na viatu hivyo kushika nyoka?"

"Ndivyo nilivyo navyo."

"Mama! Njoo umwone mwendawazimu! Na umletee chapati na maharagwe, asife na njaa kabla ya nyoka."

Alimfundisha fimbo yenye kulabu, namna ya kubana kichwa, namna ya kuyakamua meno ukingoni mwa kichupa. Siku ya tatu Leobardo aliuliza lile lililomleta kuliko yote.

"Kwa nini yule nyoka ulimwita Otilia?"

Fermín alimwachia nyoka aliyekuwa naye, akamtazama akitambaa chini ya mawe.

"Dada yangu Rosenda aligongwa hapo kisimani. Chupa thelathini na moja. Nyoka mwenyewe sikumpata. Basi kila ninayemshika, mkono huu unataka kumponda kichwa. Nikimwita mama, mkono unatulia. Nikimwita mwalimu wangu, unatulia. Daktari alilia kwenye kaburi la Rosenda, na hakuwa amemjua. Ulitaka nimwite nani?"

Leobardo alikaa chini juu ya jiwe. Kisha akaishika tena fimbo yenye kulabu.

Ilimchukua majuma saba kuvijaza vichupa kumi na nane. Tarehe 9 Mei aliingia ofisini kwa Otilia, mwembamba, shati halina wanga, akaweka sanduku la barafu mezani. Otilia alivaa miwani, akatoa kadi moja moja: mahali, tarehe, saini mbili, ya Fermín na ya Leobardo. Kwenye kadi ya mwisho alisita.

"'Leobardo. Dume. Kisima cha Los Mautos. Huuma kabla ya kulia njuga.' Nani kaandika haya?"

"Fermín. Anasema ni jina la kwanza la kiume kumpa nyoka, na huyo ndiye ambaye mkono wake ulipata tabu zaidi kuacha kumponda."

Otilia alicheka bila kutaka, kicheko kile kile cha sokoni. Kisha akafungua jokofu la vielelezo na kutoa kifuko kidogo cha plastiki. Ndani yake mlikuwa na pete, na kadi iliyoandikwa kwa mkono wake: Haijakamilika. Isichomwe.

"Kanuni yako inasema siku thelathini," alisema. "Mimi nimengoja mia na ishirini. Sitangoja tena ukizikagua simu zangu kama kadi za nyoka."

"Sitazikagua."

"Jaza basi."

Leobardo alichukua kalamu, akajaza mahali, tarehe na jina lake, akatia saini. Pete ilikuwa na baridi ya jokofu, na kidole cha Otilia kilishtuka. Otilia alivuta kitabu cha mapokezi kwa mkono wa pili, akaandika: vichupa kumi na nane, kutoka kwa L. Encinas, badala ya kumi na nane vya F. Yocupicio, vimetimia.