Dakika Tisa kwa Kila Mlango

Lifti ilifurika watu wa asubuhi. Mchambuzi wa takwimu, ndani ya gauni lake la bluu lililonyooshwa pasi likanyooka, alibanwa kwenye kona na boksi refu kuliko yeye. Nyuma ya boksi ikatoka sauti: "Samahani dada, nikikukanyaga piga kelele, maana sikuoni."

Alicheka mpaka ghorofa ya saba. Alikuwa na mkataba wa miezi sita wa kuandaa ripoti za kampuni ya kusambaza vifurushi, na mwenye boksi alikuwa dereva wa kampuni hiyohiyo. Haukupita muda wakazoeana, kisha wakapendana hasa.

"Bi Takwimu, umekula?"

"Nimekula, mpenzi. Hebu kata simu uendeshe gari!"

Mwezi wa tano akawasilisha ripoti. Madereva waliandikwa kwa namba tu. Namba kumi na nne alitumia dakika tisa kwa kila mlango, wenzake tatu. Akampaka rangi nyekundu ya wazembe bila kuwaza mara mbili, akarudi mezani kwake ameridhika. Jioni simu ikaita.

"Nimepewa barua. Mwisho wangu Ijumaa ijayo. Namba kumi na nne ni mimi."

"Haki ya Mungu, sikujua!"

"Ungeuliza ni nani." Akakata.

Neno hilo lilimchoma. Kesho yake akaenda kwenye mlango uliomchelewesha dereva kuliko yote. Alifungua bibi mwenye magongo mawili, anahema.

"Wenzake wanagonga mara moja, hao, wameshaondoka," bibi alisema. "Yeye ananingoja nifike."

Alirudi ofisini akaongeza safu moja aliyoisahau: vifurushi vilivyorudi ghalani. Kila dereva mwingine alikuwa na makumi. Namba kumi na nne, sifuri. Mkurugenzi alisoma, kisha akaifuta ile barua.

Lakini simu haikuita. Jumamosi asubuhi, kichwa kimejaa povu la sabuni, akasikia mlango unagongwa na sauti ya dereva ikimwita. Akasuuza nywele mbiombio, akajifunga kitenge, akasimama mbele ya kioo akiogopa. Alipofungua, dereva alikuwa amekaa kwenye ngazi, kofia gotini.

"Nilidhani umeshaondoka."

"Mimi? Kwani hukusoma ripoti yako?" Akainuka, akatabasamu kidogo. "Nisamehe kwa kukukatia simu. Nataka kukuoa. Fikiria taratibu, nitangoja."

"Nimekubali," akasema, maji yakimchuruzika mabegani. Safari hii hakumchelewesha hata dakika moja.