Tepu Iliyoanzia Tatu

Kila siku binti alirudi kutoka shule, akafungua mlango kwa ufunguo ulioning'inia shingoni, akaamkia kuta. Mama yake alikuwa muuguzi, na alirudi giza likishaingia. Upweke ulipomzidi, binti alivuka njia hadi karakana ya seremala.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Meneja! Leo umekuja kunifukuza kazi?"

Hakuwa na mtu mwingine wa kucheka naye.

Mama alipotaka kununua friji, alimwagiza binti apime nafasi iliyo chini ya kabati la ukutani. Fundi akamwazima tepu. "Ncha yake imekatika, inaanzia tatu. Ukishapima, toa tatu. Usisahau!"

Binti aliitikia harakaharaka, akapima, akasahau.

Friji ikaja, ikagoma kuingia. Mama akaikagua tepu, akaona inaanzia tatu, akamwita fundi huku amekunja uso. "Unampaje mtoto tepu mbovu bila hata kumwambia?"

"Nilimwambia, dada."

Mama akamgeukia binti. "Alikwambia?"

Binti akatazama sakafu. "Hapana."

Fundi akaenda kuleta msumeno wake. Alishusha kabati, akapiga mstari, akapunguza ukingo wa chini pamoja na milango yake kwa msumeno, akapiga msasa na kulirudisha. Friji ikaingia. Hakungoja hata chai.

Kesho yake binti alivuka njia. "Shikamoo, fundi."

"Marahaba."

Basi. Kilichosikika ni randa tu. Binti alirudi kukaa jikoni peke yake. Friji ilinguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena. Akalia sana. Hasira za mama alizijua, lakini ukimya ule ulimtisha zaidi.

Mama aliporudi, kabla hajavua viatu, binti akasema, "Mama, fundi aliniambia. Mimi ndiye niliyesahau, kisha nikadanganya."

Mama akamshika mkono, wakavuka njia. Fundi alikuwa akifunga karakana. Binti aliomba radhi. Mama naye akaomba yake.

"Kusahau tunasahau sote, mwanangu," fundi alisema. "Kosa la tepu nililirekebisha kwa msumeno. Uongo hauna msumeno. Huondolewa na mdomo uleule uliousema, na leo umeuondoa."

Akatia kufuli bila mzaha wowote, na binti alilala na wasiwasi.

Kesho yake alisimama mlangoni pa karakana, hathubutu kuingia. "Shikamoo, fundi."

Randa ikanyamaza.

"Marahaba, Meneja! Mbona umechelewa kazini?"