Shuka za Chumba Namba Tatu

Wakati wa likizo kazi yangu ya asubuhi ilikuwa moja: kuvua shuka za wageni, kuzipeleka nyuma ya nyumba kwa Anti Edah azifue, kisha kutandika nyingine safi. Baba alipofariki, Mama aliigeuza nyumba yetu ya Kibomet, pale Kitale, kuwa nyumba ya wageni. Ilikuwa na vyumba vinne tu. Kwenye lango aliandika kwa rangi, kwa mkono wake mwenyewe: MALAZI NA CHAI YA ASUBUHI. SHUKA SAFI KILA SIKU. Wageni wengi walivutwa na hayo maneno ya mwisho.

Asubuhi moja ya Agosti 1989 uvivu ulinishika, na sitajitetea. Rafiki yangu Cheptoo alikuwa ananingoja nje tucheze kati, ule mchezo wa kukwepa mpira. Basi chumba namba tatu nikakifanyia ujanja niliokuwa nimeufanya mara mbili bila kugunduliwa. Nilizigeuza shuka zile zile ndani nje, nikazinyunyizia maji, nikapitisha pasi ya makaa palepale kitandani, nikazichomeka chini ya godoro. Ungeapa zimetoka kambani sasa hivi.

Mgeni wa chumba hicho, Bwana Wekoye, muuzaji wa vipuri vya matrekta kutoka Bungoma, alikuwa mezani anakula mayai. Aliporudi chumbani alitoka mbio. Saa yake aliyoiacha chini ya mto haikuwepo.

"Nani ameingia kwangu?"

"Ni mimi," nilisema. Saa sikuwa nimeiona, lakini ujanja wangu sikutaka ujulikane. "Nilitoa shuka nikampelekea Anti Edah."

"Basi saa imeenda na shuka."

Hakumngoja Mama. Alizunguka nyuma ya nyumba, akamkuta Anti Edah ameinama juu ya karai. Anti Edah alikuwa mjane kutoka Matulo, na alitufulia tangu siku ya kwanza.

"Bwana, shuka za namba tatu sijaletewa," alisema. "Si uulize huyu mtoto."

Wote wawili walinitazama. Ningeweza kusema pale pale, yaishe.

"Nilimpa," nikasema.

Kofi la kwanza lilimwangusha Anti Edah karaini. Bwana Wekoye alimshika shingoni, akamzamisha uso kwenye maji ya sabuni, akamwinua, akamzamisha tena. "Mwizi," alikuwa akipiga kelele, "mwizi huyu." Barabarani walimsikia. Vijana watatu walipenya ua, mmoja ana mpini wa jembe, na hakuna aliyeuliza kimeibwa nini. Jiwe lilimpata Anti Edah juu ya jicho. Alipoinua mkono kujikinga, mpini ukashuka juu ya mkono huo. Nilisikia mfupa ukivunjika. Povu la karaini lilikuwa limegeuka jekundu, na mimi nimesimama tu na uongo wangu mdomoni.

Mama alitoka jikoni na kikaango cha mafuta yanayochemka. Akamvuka Anti Edah, akasimama mbele yake.

"Atakayesogea namwagia."

Hakuna aliyesogea. Mama hakugeuka kunitazama, aliniuliza tu, "Jerop, namba tatu ulibadilisha shuka?"

Nilijua nikisema la, jina la nyumba yetu limekwisha mbele ya mgeni, na kiboko kinaningoja. Nikisema ndiyo, mpini utashuka tena, safari hii kichwani. Anti Edah alikuwa ananitazama kwa jicho moja lililobaki wazi.

"Hapana, Mama. Nilizigeuza tu."

Nilikimbia chumbani nikaling'oa godoro. Saa ilidondoka sakafuni kutoka kwenye mkunjo wa shuka upande wa ukutani, pale nilipoichomeka mwenyewe bila kujua. Nilipoileta, kijana wa mpini aliuweka chini polepole, akarudi alikopitia.

"Mama, mimi nilidhani..." alianza Bwana Wekoye.

"Ulilipia shuka safi na hukupata. Hilo ni kosa la nyumba yangu, nisamehe," Mama alimkatiza. "Lakini hukulipia mtu wa kupiga. Washa gari umpeleke hospitali, kisha uchukue mizigo yako."

Alimpeleka. Mkono wa Anti Edah ulifungwa plasta wiki sita, na muda huo wote nilifua mimi, mpaka vidole vikapasuka. Kiboko nilikingoja, hakikuja. Siku ya tatu Mama alikuja akachuchumaa karibu na karai.

"Ungeniambia unataka kwenda kucheza, ningekuachilia," alisema. "Shuka chafu ingemkera mgeni siku moja tu. Uongo wako ndio uliompa sababu ya kumpiga mtu asiye na hatia. Kazi ambayo hukuifanya, sema hukuifanya, hata kama utachapwa."

Niliinamisha kichwa nikalia, kwa sababu ilikuwa kweli.

Anti Edah alirudi plasta ilipotolewa, kidole kimoja hakikunjiki. Nilimpelekea shuka za namba tatu. Alizichukua moja moja, akaanza kuzikung'uta mbele yangu kabla ya kuzilowesha, kitu ambacho hakuwahi kufanya zamani.

"Anti, nimebadilisha kweli."

"Naona, mwanangu," alijibu. "Lakini nitakuwa nakung'uta."

Mkono wake ulikuwa bado hauna nguvu. Nikashika ncha ya pili ya shuka, tukakung'uta pamoja.