Mpenzi wa Saa Nne

Lifti mbili kati ya tatu zilikuwa zimegoma, na ukumbi wa chini wa jengo lile la ghorofa kumi na mbili ulifurika watu kuliko soko. Kati yao alikuwamo mpimaji macho wa duka la miwani la ghorofa ya sita, amevaa gauni la rangi ya haradali, koti lake jeupe mkononi. Alikuwa amechelewa, na viatu vyake havikuwa vya kupandia ngazi.

Fundi wa lifti, kijana mrefu mwenye ovaroli ya buluu na penseli sikioni, aliketi juu ya sanduku la vifaa. Alikuwa anasubiri lifti ipande na kushuka mara ishirini bila mtu, ndivyo inavyojaribiwa, na huku akisubiri anacheza gemu kwenye simu. Mpimaji macho alimsogelea ampe maneno mawili makali. Akachungulia kioo cha simu, na maneno yenyewe yakamtoka kichwani.

Kijitu kilichobeba taa kilikuwa kinapanda mnara. Kiliundwa kwa vinukta vya mraba visivyofika thelathini, na hakikuwa na macho wala mdomo. Lakini kilipofika ukingoni kikasita, naye akajikuta amezuia pumzi.

“Kinaogopa,” alisema.

“Hakina hata uso,” fundi alijibu, macho yake kwenye simu.

“Hilo ndilo linalonishangaza.”

Hapo fundi akainua kichwa, akamwona, na kijitu kikaporomoka mnara mzima.

Fundi alimweleza kwamba gemu ile ilitengenezwa kabla wao hawajazaliwa, na watu wawili waliojifungia chumbani, na kwamba yote kwa jumla hula nafasi ndogo kuliko picha moja aliyopiga asubuhi ile kwa simu yake. Alilipia huduma ya kila mwezi iliyohifadhi mamia ya gemu za zamani, kama maktaba. Mpimaji macho naye akamwambia jambo la kazi yake: jicho halikuona mtu pale, liliona vinukta tu, akili ndiyo iliyommalizia. Fundi alilitafakari hilo mpaka lifti ikatimiza safari zake na akasahau kuifungua.

Walipofika ghorofa ya sita fundi alikuwa ameshapata namba yake ya simu, eti amjulishe lifti zikiharibika tena. Hazikuharibika. Alipiga hivyohivyo.

Alimpa neno la siri la akaunti yake ili acheze kwenye televisheni ya nyumbani. Alimpangia pia pa kuanzia: kwanza mnara, kisha mchezo wa mistari miwili na nukta moja inayopigwa huku na huku, kisha chombo kinachokatiza nyota bila neno lolote kuandikwa. Kila mapumziko ya mchana walipigiana simu kupeana habari. Siku alipovuka nyota zote, mpimaji macho alimwambia kwamba mwishoni kulikuwa na sayari moja tu ya kijani, ndogo kama punje ya mtama, na kwamba alikaa akiitazama mpaka chai ikapoa. Hakujua kwa nini machozi yalimlengalenga. Fundi alisema hata yeye hajui, na amefika pale mara nne.

Alimwita Daktari, ingawa aliambiwa si daktari. Alimwita Jicho Langu, na Malkia wa Ghorofa ya Sita. Alimwita kila jina isipokuwa mpenzi. Na kila Jumapili asubuhi hakupatikana.

Jumapili moja, saa nne, mpimaji macho aliwasha televisheni. Kwenye orodha ya wachezaji wa akaunti ile aliona jina ambalo hakuwahi kuliangalia vizuri, lenye picha ya moyo mwekundu: Mpenzi. Chini yake iliandikwa, anacheza sasa. Akafungua kumbukumbu. Mpenzi alicheza kila siku, saa nne, kwa miaka mitatu.

Alipiga simu, haikupokewa. Fundi alipiga mwenyewe mchana.

“Asubuhi ulikuwa wapi?”

“Nyumbani.”

“Na nani?”

“Tukionana nitakueleza,” fundi alisema.

“Msalimie Mpenzi.”

Akakata, akaifuta namba na kuifunga isipige tena. Wiki mbili alipanda ghorofa sita kwa miguu ili asikutane naye kwenye lifti.

Wiki ya tatu, mlango wa chumba cha kupimia ulifunguliwa na fundi akaingia, shati jeupe limepigwa pasi, amemshika mkono bibi kizee mwenye gauni la kijani na mkoba mzito. Mpimaji macho aliamua kufanya kazi yake tu. Akasoma jina kwenye kadi. Bibi hakugeuka. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Bibi aliendelea kupapasa mkoba wake.

“Jina hilo haliitikii tena,” fundi alisema. Akainama. “Mpenzi.”

Bibi akageuka, uso umechanua kama msichana.

“Babu alikuwa akimwita hivyo. Mengine yote yamemtoka.”

Mpimaji macho aliweka kadi mezani. Fundi alimweleza taratibu: bibi ndiye aliyemlea tangu ana miaka minne, siku za kazi hukaa na shangazi, na Jumapili hukaa naye mwenyewe. Akikatizwa katikati ya gemu hupotea na kulia, ndiyo maana simu huzimwa.

“Mbona hukuniambia?”

“Nikiwaambia watu, huanza kuninong'oneza kama nimefiwa. Wewe ulikuwa unanicheka. Sikutaka uache.”

Kisha akasema kilichomleta. Kwa mwezi mmoja bibi alikuwa akishindwa mapema. Alitaka kujua kama ni macho, au ugonjwa wa kusahau umefika kwenye vidole.

Bibi hakuweza kusoma chati. Herufi nazo zilishaondoka. Mpimaji macho akaizima chati, akaunganisha simu ya fundi na skrini ya ukutani. Bibi mwenyewe alitoa pedi ya kuchezea gemu mkobani. Matofali ya rangi ya gemu yake yakaanza kudondoka. Lenzi ya kwanza, akashindwa. Ya pili, akashindwa. Fundi aligeukia dirisha.

Kwa lenzi ya tatu mgongo wa bibi ulinyooka. Matofali yaliongeza kasi mpaka mpimaji macho, mtaalamu wa kuona, hakuweza kuyafuata. Vidole vile vyenye makunyanzi viliyapanga moja moja, bila pupa, kama mtu anayekunja nguo za mtoto. Mwanamke asiyejua mwaka wala jina lake alijua kila tofali linakwenda wapi.

“Ni macho,” mpimaji alisema. “Ni macho tu.”

Fundi akafuta uso kwa mkono wa shati.

Bibi akasimamisha gemu, akamkagua mwenye koti jeupe juu mpaka chini. “Na huyu ni nani?”

“Ni mchumba wangu,” fundi alisema. “Kama atakubali.”

Mpimaji macho alichuchumaa mbele ya kiti, akarekebisha fremu masikioni mwa bibi. “Nimekubali, bibi.”

Bibi akapiga makofi ya furaha, akambusu kwenye paji la uso, akarudi kwenye matofali. Baada ya dakika tano akageuka tena na kuuliza huyu ni nani. Siku ile aliuliza mara sita, na mara zote sita fundi aliomba upya, na mara zote sita alikubaliwa.