Jiwe la Nane

Jumamosi asubuhi Winifred Thaxter alikuta vumbi jeupe kwenye benchi la nyuma kanisani, palepale alipopafagia jana. Alilipangusa kwa aproni, akasonya, akakuna chunjua lake la kidevuni.

Miaka thelathini yeye ndiye aliyepamba madhabahu ya kanisa lile dogo la Norfolk kwa sikukuu ya mavuno. Mwaka huu padri alimpa zamu Hester Larter, aliyehamia kijijini juzi tu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Huyu mwenyeji donge lilimkaa rohoni hata chai haikushuka.

"Bi Winifred, hebu njoo uone! Nimezidisha?" Hester aliita.

Maua yalikuwa mazuri, na hilo ndilo lililomuuma.

"Si haba, bibie. Ila chungu hiki kikubwa cha maua kipeleke pale, chini ya lile jiwe."

"Lile? Si mnasema pale hapawekwi kitu?"

"Maneno ya vikongwe. Mtu mzima unaogopa jiwe?"

Ukuta wa kaskazini ulikuwa na matao manane yenye ncha, na chini ya kila tao kichwa cha jiwe: mfalme, askofu, mke wa msaga unga. Jiwe la nane halikuwa na sura. Mwashi wake, miaka mia sita iliyopita, alikufa kwa kijicho mwenzake aliposifiwa kwa dirisha la mashariki, na roho yake ikabaki humo. Kinachosifiwa hakiwekwi chini yake. Winifred alifundishwa hayo na mama yake, ndiyo maana akasema alivyosema.

Jumapili watu waliyasifu yale maua mpaka basi. Jumatatu Hester alilala na homa kali. Winifred alifurahi, tena alifurahi sana.

Akaenda kuyatoa maua mchana kweupe. Yote yalikuwa yamenyauka. Alisikia harufu ya chokaa mbichi, kisha tek, tek, tek, patasi juu ya jiwe, na vumbi likamdondokea mabegani, naye badala ya kukimbia akainua uso, kwa kuwa alitamani kuiona sura ya Hester imenaswa pale ukutani, akaona shavu likitokeza, pua, mdomo uliobanwa kwa husuda, na kidevu, na kwenye kidevu hicho, taratibu, kwa ustadi wa fundi asiye na haraka, chunjua.

Alitaka kupiga kelele. Kinywa kilijaa vumbi.

Mlango ulilia. Hester aliingia amejitanda shali.

"Bi Winifred? Homa imeniachia sasa hivi, ghafla tu. Uko wapi, mama?"

Chini palikuwa na aproni tupu. Hester aliiokota, akatazama juu, akacheka kwa mshangao.

"Jamani! Wamemchonga Bi Winifred wetu! Tena kazi nzuri, hakuna kizuri kama hiki humu ndani."

Winifred aliisikia sifa aliyoililia miaka yote. Kisha akasikia, ndani ya jiwe, nyuma kabisa ya sikio lake, mtu mwingine akivuta pumzi kwa wivu.