Mtu wa Arobaini na Mbili

Karani alidhani kosa ni lake. Daftari la mlangoni lilisema selo namba tatu ina watu arobaini na mmoja, na yeye, kwa kidole chake mwenyewe, alikuwa amehesabu arobaini na wawili.

Hii ilikuwa jela yake ya sita wiki ile. Kila baada ya miezi mitatu idara ya takwimu ilimtuma kuzunguka jela ndogo za wilaya na fomu zake: wangapi wamefungwa, wangapi wanasubiri kesi, wangapi wagonjwa, wangapi wamekufa. Ofisini walimwita Mama Fomu, naye hakukasirika, maana hakuna aliyewahi kumkuta na jumla isiyolingana. Akaziba pua kwa mtandio, akaanza upya, kichwa baada ya kichwa. Mle ndani goti la huyu lilikuwa mgongoni mwa yule. Wengine walisimama wakingoja zamu ya kukaa. Ngozi zilijaa upele uliochubuliwa kwa kucha, na ndoo ya haja ilikuwa imefurika tangu asubuhi, maji yake yakitambaa mpaka kwenye vidole vya waliolala.

Arobaini na mmoja. Safari hii ililingana.

Alikuwa anageuka aondoke alipoiona kona ya nyuma, mkono wa kushoto. Ilikuwa tupu. Nafasi ya kumtosha mtu mmoja aliyekunja magoti, katika chumba ambacho watu walilala kwa zamu, na hakuna aliyethubutu kuweka hata unyayo pale.

"Mbona pale hamkai?" aliuliza.

Walijisogeza mbali zaidi na kona. Mfungwa mmoja mzee aliyekaa karibu na nondo akanong'ona, "Pana mtu, mama."

"Mtu gani? Mimi simwoni."

"Mara ya kwanza ulimhesabu."

Askari akagonga nondo kwa rungu, na maneno yakaishia hapo.

Mkuu wa jela alimpokea ofisini mwake akiwa anafyonza uboho kwenye mfupa. Chumba kilinukia marashi, lakini chini ya marashi ile harufu ya ndoo ilikuwepo, imetulia kama mwenyeji. Karani akafungua daftari kubwa, akaonyesha mstari mmoja. Jina lilikuwa limekwanguliwa kwa wembe, na juu yake pameandikwa: amehamishwa.

"Huyu kahamishiwa wapi, afande?"

"Kwingine."

"Kwingine ni wapi? Fomu yangu inataka jina la jela."

Mkuu akapuliza mfupa, ukatoa mluzi. Akachukua kalamu mkononi mwa karani kwa vidole vinavyong'aa mafuta, akaielekeza kwenye safu ya vifo. "Mama, umechoka, na safari yako ndefu. Hapa andika sifuri, nami nakupigia muhuri sasa hivi. Jela yangu watu hawafi. Wakitaka kufa nawakatalia." Akacheka mpaka kitambi kikatikisika.

Karani alijua. Hilo hakulikana baadaye, hata mbele ya mumewe. Alijua jinsi mtu anavyojua yai limeoza kabla hajalipasua. Lakini muhuri ulikuwa pale mezani, na bila muhuri angerudi tena kwenye uvundo ule. Sifuri ni namba nyepesi kuandika, haina hata kona. Akaiandika.

Nyumbani waliishi wanne: yeye, mumewe fundi redio, binti yao wa miaka tisa, na mama mkwe, ambaye pua yake ilijulikana mtaa mzima kwa kumtaja aliyeunguza mboga nyumba ya tatu. Kabla karani hajavua viatu, bibi huyo alisimama mlangoni.

"Mwanangu, umekanyaga nini?"

"Natoka jela, mama."

"Jela naijua inavyonuka. Kaka yangu alikaa huko. Hiki ni choo cha zamani, na ndani yake pana nyama."

Karani alioga mara tatu. Akazifua nguo, akazianika, akazifua tena. Kesho yake alipochota maji ya kuoga, juu ya ndoo palitanda utando wa mafuta, na ndani ya utando nywele fupi nyeusi, kama zilizonyolewa kwa wembe butu. Akamwaga, akachota nyingine. Zilikuwepo. Mumewe akasema ni bomba la mtaa, akalalamika kwa jirani, na jirani akasema maji yake yeye ni masafi.

Siku ya tatu ilikuwa Jumapili, wakakaa wote kula mchana. Mama mkwe alipakua wali, akapanga sahani tano.

"Ya tano ya nani, mama?" mumewe aliuliza.

"Ya mgeni wenu. Tangu asubuhi kaketi nyuma ya mlango wa choo, kaupa ukuta uso, maji yanamchuruzika. Nyumba hii siku hizi hata salamu mmeacha?"

Mumewe akacheka, akasema macho ya uzee yana vituko, akajaza kijiko, akala, akajaza cha pili, akala, na alipochovya cha tatu wali ukasogea. Punje moja iliinua kichwa. Kisha ya pili, kisha sahani nzima ikawa inapumua, nyeupe, laini, ikijikunja na kujikunjua, na mwanamume yule akakimbilia uani akajitapisha kwa vidole mpaka akatapika nyongo tupu. Funza walikuwa kwenye kila sahani. Sahani ya tano peke yake haikuwa na kitu. Ilikuwa imelambwa ikang'aa.

Tangu siku hiyo hapakuwa na chakula kilichokaa mezani dakika tano kikabaki chakula. Maziwa yaligeuka uji wa kijani, mkate ulilowa kwa ndani ukatoa majimaji kama ya kidonda, na inzi, inzi wakubwa wa bluu ambao hawakufukuzika, walikaa kwenye midomo ya watu waliokuwa wakiongea. Majirani walianza kupita upande wa pili wa barabara. Mumewe alinyunyiza dawa ya choo kila chumba, na bibi akamwambia aache, maana sasa nyumba inanuka maiti aliyejipaka manukato.

Alhamisi, binti hakwenda shule. Karani alimkuta kati ya kabati na ukuta, ndani ya sare yake, magoti yamekunjwa, uso ukutani. Alikuwa anajikuna taratibu, kwa bidii, na sketi yake ilikuwa imelowa chini.

"Mwanangu, toka hapo. Njoo kwa mama."

"Siwezi," mtoto akajibu. "Pamebana."

Sauti ilikuwa ya mwanamume mzima, na ilikuwa na maji kooni.

Karani akamshika bega amgeuze. Mikono ya mtoto ilikuwa imetoka upele, ule ule wa selo namba tatu, vichwa vyake vyeupe vimechubuka vinatoa maji, na pumzi iliyotoka kinywani mwake ilikuwa nzito na ya joto, kiasi kwamba karani alihisi ladha yake kwenye ulimi. Macho ya binti yake yalimtazama bila kumjua.

"Niandike," sauti ile ikasema.

Mumewe alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia. "Uliandika nini huko?" alinong'ona.

Karani akamweleza. Mstari uliokwanguliwa, mfupa, muhuri, sifuri. Alipomaliza, mumewe alimtazama kama alivyoutazama ule wali.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukajua, ukaandika, ukaja ukatupikia kwa mkono huo huo."

Hakumpiga wala hakumtukana. Alivaa viatu akatoka, na baada ya saa moja akarudi na muosha maiti.

Muosha maiti hakuwa mganga wa kujitangaza. Alikuwa mtu mfupi mwenye kikohozi, amebeba ndoo na kipande cha sabuni, mikono yake imekunjamana kwa maji ya miaka arobaini. Alisimama sebuleni akavuta pumzi mara moja tu, akatema mate nje ya dirisha.

"Jini la shimo," alisema. "Hawa hukaa vyooni, hula uchafu, na mtu akipita kwa heshima zake hawamgusi. Lakini huyu katupiwa mtu. Hakuoshwa, hakusitiriwa, hata neno hakusemewa. Sasa kamvaa, kama wewe unavyovaa koti." Akamgeukia karani. "Na nyinyi mmesema mtu huyo hayupo. Basi amekuja kukaa kwa aliyesema hivyo."

"Mfukuze," karani aliomba. "Mfukuze, baba, mwanangu anaoza."

"Nimfukuze aende wapi, na koti lake mmelitupa shimoni? Nitayasomea maji ya ndoo hii, nimnyweshe mtoto, tupate siku moja. Kesho tunakwenda kumtoa mtu. Na nakala ya fomu yako uibebe."

Walifika jela saa tano asubuhi, watatu: karani, mumewe na muosha maiti. Bibi alibaki na mtoto. Mkuu wa jela alisikiliza huku akijichokonoa meno, kisha akamwita askari awatoe nje.

"Takwimu zimeshafika makao makuu," alisema. "Namba ikipanda juu haishuki. Unataka kunifundisha kazi kwa hadithi za majini, mama?"

"Nataka kuhesabu upya selo namba tatu," karani akasema. "Hiyo ni haki yangu, imeandikwa nyuma ya fomu."

Mkuu akainua mabega, akaongoza njia. Alitaka askari wake wamwone akicheka. Walipofika kwenye nondo, karani hakunyoosha kidole. Alisema tu, "Jihesabuni wenyewe, ndugu zangu. Kwa sauti."

Mzee wa karibu na mlango akasema moja. Aliyefuata akasema mbili. Namba zikaenda zikizunguka selo, za sauti nene na za sauti zilizokauka, ishirini, ishirini na moja, na kadiri zilivyokaribia ile kona ya kushoto ndivyo wasemaji walivyozidi kujisogeza mbali nayo, wakikanyagana, wakipanda juu ya ndoo na ndani ya ndoo, thelathini na tisa, arobaini, na wa mwisho, aliyebanwa ukutani kwa hofu macho yamemtoka, akasema arobaini na moja kwa sauti ndogo kama anayeomba radhi, halafu kukawa kimya, na katika kimya hicho harufu iliinuka kutoka kwenye kona tupu, ikainuka kama maji yanavyoinuka, ikafika magotini, ikafika kifuani, ikamfunga kila mtu koo, na ukuta wa kona ukaanza kutoa jasho jeusi lililotengeneza, taratibu, mgongo wa mtu aliyekaa, mabega yake, kisogo chake kilichonyolewa kwa wembe butu, na kisogo kile kikasema, kwa koo lililojaa maji:

"Arobaini na mbili."

Askari mwenye funguo aliziangusha. Mwingine akapiga magoti kwenye majimaji ya haja bila kujali suruali yake. "Alikuwa anaumwa kuhara!" alilia. "Alikuwa hawezi hata kusimama! Aliomba daktari siku nne! Afande akasema kifo kikiandikwa wakaguzi watakuja, kaeni kimya, mtupeni kwenye choo cha zamani nyuma ya jiko. Sisi tulibeba tu!"

"Nyamaza, mbwa!" mkuu alifoka, lakini alikuwa anarudi nyuma, na hakuna aliyempisha njia.

Choo cha zamani kilifunikwa kwa zege na magunia ya mkaa. Mpishi wa jela, mama mnene aliyepika hatua kumi kutoka pale siku zote hizo, alikuwa wa kwanza kushika mtaimbo. "Nilisema panya wamekufa," alirudia. "Nilisema panya. Nilijiambia panya." Walipoinua mfuniko, askari wawili walizimia na mume wa karani akajikaza kwa kuuma kola ya shati. Muosha maiti peke yake alishuka, kiunoni kamba yenye ndoano, mdomo umefungwa kitambaa.

Kilichopanda juu hakikuwa tena mtu sawasawa. Ngozi iliteleza kama soksi iliyolowa, na tumboni mlikuwa na uhai mwingi usio wake. Muosha maiti alikilaza juu ya ubao, akaomba maji. Akaosha polepole, kuanzia kichwani, akisema maneno yake kwa sauti ya kawaida kabisa, kama baba anayemwogesha mtoto mgonjwa. Kwenye ndoo ya saba, kitu kizito kilicholowa kilijivua kutoka kwenye maiti ile. Hawakukiona. Waliona tu majani yakilala, alama baada ya alama, kuelekea shimoni, na wakasikia kikiingia kwenye uchafu kwa mlio wa kushiba.

Saa ile ile, nyumbani, binti alitapika beseni zima la maji meusi, akamtazama bibi yake, akasema ana njaa.

Karani hakulijua hilo bado. Alikuwa ameketi juu ya gunia la mkaa na fomu magotini. Akaipiga mstari sifuri yake. Pembeni akaandika moja, na chini jina, jina kamili, ambalo wafungwa walimtajia herufi kwa herufi kutoka dirishani. Mwandiko ulisomeka. Akafunika kalamu.

Mpishi alikuwa bado ameinama kwenye shimo, anavuta ile kamba ili aikunje. Kamba haikuja. Akavuta tena kwa mikono miwili, ndoano ikapanda kidogo ikiwa imenasa unyayo wa mtu mwingine, na akabaki ametazama chini.

"Mama wa fomu," alisema bila kugeuka. "Hiyo kalamu ifunue tena."