Gari la Kijivu la Njia ya Gihosha

Ndugu zangu mnaoshika usukani, nanyi mnaokanyaga pedali, nitegeeni sikio kidogo. Asubuhi nyumbani kwa Révérien, kule Gihosha juu mlimani, zilikuwa tulivu. Mkewe Médiatrice alichemsha chai, binti yao Nella alitafuta kiatu, na mwenyewe alifunga bidoni mbili za maziwa kwenye baiskeli awapelekee wateja wa Nyakabiga, kule chini mjini. Jirani yao Honoré, mtu wa Uvira mwenye biashara hiyohiyo, alimngoja washuke pamoja. Amani hiyo iliharibiwa na gari moja la kijivu.

Mara ya kwanza lilimpita karibu mno, kioo kikamgusa kiwiko. Mara ya pili lilimpigia honi likamsukumia mtaroni. Mara ya tatu Révérien aliinuka kwenye matope akiwaza jambo moja: siku zote tatu Honoré alikuwa ametangulia mbele, salama salimini.

"Ni Honoré," alimwambia mkewe. "Anataka wateja wangu. Ametuma mutu anigonge."

"Apana, Papa Nella. Ni mbio tu ya mashofere. Hawaangalie mutu."

"Mbio gani inachagua mutu mumoja?"

Akaacha kumsalimu Honoré. Nella akakatazwa kucheza na Orpha, binti wa jirani huyo. Kila akipanda baiskeli, Révérien aligeuza shingo nyuma mpaka ikamuuma. Mimi simcheki. Dereva wa mji huu akikuta baiskeli mbele yake hukasirika kama amekuta mbuzi sebuleni.

Lakini kuna jambo moja ambalo Révérien hakulitilia shaka. Mafuta yalikuwa ya shida mjini. Claude, kaka yake Médiatrice, alikuwa dereva wa mfanyabiashara mmoja, na bosi alimfokea kila tangi lilipokauka. Basi Révérien, ambaye kila asubuhi, akiwa bado juu kilimani, alikiona kituo cha mafuta kule chini, akawa jicho lake. Akiona lori linashusha mafuta, alimpigia simu kabla ya foleni kuanza. Gari la bosi hakuwahi kuliona, maana Jumapili Claude alikuja kula maharage kwa miguu.

Jumanne moja akaliona lori pale. Akatoa simu.

"Shemeji, kamyo imefika! Kuya mbio, watu hawayajua!"

"Niko njiani!"

Akaendelea kushuka mpaka akakipita kituo. Alipogeuza shingo, nyuma hakuona gari, alimwona Honoré kwenye baiskeli, mkono mmoja juu, akipiga kelele.

"Révérien! Mbele! Angalia mbele!"

Huyu anataka kunichanganya, Révérien akajisemea, akazidi kumkodolea macho.

Gari la kijivu lilitoka mbele, safari hii likipanda kutoka mjini. Lilikuwa likiyapita mengine, likiwa upande wake Révérien wa barabara. Likamgonga, maziwa yakamwagika lami nzima. Honoré ndiye aliyemvuta kutoka chini ya bampa, akamfunga mguu kwa shati lake.

Mlango ukafunguliwa, akashuka Claude.

"Yesu wangu! Shemeji, ni we? Sikukuona!"

"Na zile siku zingine?"

"Siku gani?"

Hakujua. Mara tatu alikaribia kumuua mume wa dada yake, na hakumbuki hata moja. Révérien akazihesabu siku zile pale chini: zote alikuwa ametoka kupiga simu.

"Ni we uliniambia nikuye mbio," Claude akasema, akilia.

Mguu wa kulia ulikatwa chini ya goti. Claude yuko rumande, na Médiatrice hajui aanze kumlilia yupi. Maziwa ya Révérien anayapeleka Honoré, bidoni nne kwenye baiskeli moja. Jioni huleta bidoni tupu, na Révérien anashindwa kumtazama usoni.

MAFUNZO

Dereva, aliye mbele yako ana jina, na huenda ulikula kwake Jumapili. Punguza mwendo umwone kwanza.

Nasi tunaowalaani madereva, tujichunguze pia. Tunalaani mbio za wengine, za wetu tunaziagiza kwa simu. Tena tusimshuku jirani kabla ya kumuuliza, kwani Révérien alimtafuta adui nyuma yake, na nyuma yake kulikuwa na mtu mmoja tu, aliyetaka kumwokoa.